Kazi Yangu Ilikuwa Kukataa

Ninyi mnaoimba maharusini huko Kashai na Miembeni, mmoja wenu alinijia juzi akaniuliza jambo ambalo sijaulizwa kwa miaka mingi. Alitaka kujua, msichana anapojibizana na mwanamume katika wimbo wa kubembelezana, afanye nini ili watu waamini. Nilimwambia aketi kwanza, nimenye ndizi huku nikifikiri. Nikamenya kichane kizima. Jibu nililompa lilikuwa fupi na halikumridhisha, niliona usoni. Kwa hiyo haya ni marefu, na mengine hakuyauliza.

Enzi za Mwingereza, kazi yangu ilikuwa kumkataa mwanamume mmoja kila Jumamosi mchana, mbele ya watu, kwa miaka minne. Mwanamume huyo aliitwa Zakaria, fundi wa baiskeli. Mimi naitwa Foibe, lakini mpaka leo wapo vikongwe wawili watatu mjini wanaoniita Bi Ngoja, kwa sababu "ngoja" ndilo neno nililolitumia kuliko yote.

Sikuitafuta kazi hiyo. Nilitoka kwetu Nshamba, huko ambako sasa ni wilaya ya Muleba, nikaja Bukoba kukaa na shangazi na kutia vifungo katika duka la cherehani la Mzee Sefu, pale Miembeni. Mzee Sefu alikuwa Mwislamu, mtu wa mjini hasa. Baba yake ndiye aliyetoka pwani. Siku za kazi alishona kanzu na kaptula za makarani. Jumamosi aliongoza bendi. Bendi ni neno kubwa. Ilikuwa kodiani yake, gitaa la Zakaria, ngoma mbili, na chupa ya soda iliyogongwa kwa msumari. Dukani kulikuwa na gramafoni na santuri chache zilizoletwa na meli ya Mwanza, nami nilikuwa na tabia ya kumjibu yule mwanamume wa kwenye santuri. Akiimba njoo, mimi huku natunga uzi nasema sina viatu. Akiimba nitakununulia, nasema miguu yangu huijui kipimo. Siku moja cherehani ikanyamaza.

"Binti," Mzee Sefu akasema, "hebu mjibu tena."

Kabla yangu, msichana wa bendi alikuwa Mzee Sefu mwenyewe. Sitanii. Wakati ule binti wa watu hakupanda jukwaani, kwa hiyo mzee alijifunga kanga juu ya suruali, akaibana sauti puani, akamkataa Zakaria huku ndevu zake zinaonekana mpaka mlangoni. Watu walimpenda sana. Nilipochukua nafasi yake wapo walionung'unika kwamba msichana mpya hachekeshi.

Na walikuwa na haki, kwa sababu siku ya kwanza niliharibu. Zakaria aliimba kama dereva wa lori: "Dada mzuri, waitwa nani, na kwenu ni wapi?" Mimi nikajibu kwa adabu zote kwamba naitwa Foibe, binti wa Elia, wa Nshamba, karibu na kanisa. Ukumbi mzima ulicheka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Na mahari?" Nilitamani sakafu inimeze. Baada ya dansi Mzee Sefu aliniketisha juu ya sanduku la kodiani.

"Binti, aliyeulizwa si wewe," akasema. "Aliyeulizwa ni msichana wa wimbo. Wewe umekuja kumwazima sauti tu."

Basi hilo ndilo la kwanza. Mjue huyo msichana kabla hujafungua mdomo. Mimi nilikuwa nao kadhaa. Yupo aliyejificha nyuma ya mama yake, kila jibu "mama anasema", "mama hataki", "mama ameniita". Huyo nilimtoa kwa madereva, maana dereva ni mtu wa kupita na ana haraka, na hakuna kitu kinachomchelewesha mtu kama mama. Yupo mwingine aliyejibu swali kwa swali, na huyo alikuwa wa makarani. Karani akisema ana kalamu ya wino, msichana anauliza, na wino nani anakununulia? Karani akisema Bwana DC anamjua kwa jina, msichana anauliza, mbona juzi alikuita "wewe"? Makarani wa kweli waliokuwa ukumbini ndio waliocheka kwa sauti kubwa kuliko wote, halafu Jumatatu walikuja dukani kushonewa kaptula wakaniangalia kwa chini chini.

Zakaria alibadilika kwa kofia. Alikuwa na moja tu. Akiisukuma nyuma ya kichwa, ni dereva. Akiinyoosha sawasawa na kuchomeka penseli sikioni, ni karani. Akiishusha mpaka kwenye nyusi na kushika bakora, ni mzee wa kibanja kikubwa cha kahawa anayetafuta mke mwingine. Watu walimtambua kabla hajaimba neno. Ninyi leo mnabadilisha nguo mara tatu kwa harusi moja na bado mtu anauliza huyu ni nani.

Kosa langu la pili lilikuwa kukubali mapema. Ulikuwa wimbo huu:

Yeye: "Dada wa mlimani, nipe maji ninywe."
Mimi: "Mtungi una maji, kata imepotea."
Yeye: "Nitakunywa kwa kiganja."
Mimi: "Kiganja sikijui, kanawe kwanza."

Hapo alitakiwa aende kunawa, arudi, nimwambie maji yamekwisha, aende kisimani, arudi, na kadhalika mpaka watu wachoke kucheza. Aliporudi kutoka kunawa nilimwonea huruma, nikamwimbia, "Karibu unywe." Wimbo ukafa pale pale. Wachezaji walisimama katikati ya sakafu wameshikana mikono, hawajui waachane au wangoje. Mzee Sefu alivuta kodiani peke yake kwa muda, kisha akaniinamia. "Ukishakubali," akasema, "sisi tutapiga nini?"

Ndivyo ilivyo. Wimbo wa kujibizana unaishi kwa sababu msichana hajakubali. Lakini asikatae kama anayefukuza kuku. Kila "hapana" iache kitu cha kuulizia. Kata imepotea, haya, itafutwe. Jibu liwe fupi kuliko swali. Vuta pumzi wakati yeye yuko kwenye neno lake la mwisho, usisubiri amalize, la sivyo patakuwa na shimo na wimbo utaingia humo. Usicheke jibu lako mwenyewe hata likiwa tamu namna gani. Waachie watu kucheka. Ndiyo sehemu yao ya kazi.

Halafu kikaja kipaza sauti. Kimoja tu, cha kutumia betri ya gari, na tulilazimika kujifunza upya kila kitu. Kabla yake mimi na Zakaria tulisimama mbalimbali, hatua kama kumi, yeye pembe hii na mimi pembe ile, tukirushiana maneno juu ya vichwa vya watu. Kipaza sauti kilituweka uso kwa uso. Kumkataa mtu aliye mbali ni rahisi. Kumkataa mtu ambaye pumzi yake unaisikia shavuni ni kazi nyingine kabisa. Zakaria alinuka sabuni na mafuta ya mnyororo. Sikuweza tena kupiga kelele, kwa hiyo nilianza kukataa kwa kunong'ona, na huko kunong'ona ndiko kulikotupa jina Bukoba nzima.

Nilimpenda. Nalisema hivi hivi, kavu, kwa kuwa nimekuwa mzee na aibu imeisha. Naye alinipenda, na tulikubaliana, mimi na yeye, mchana mweupe, nyuma ya karakana yake ya baiskeli pale Kashai, kwamba msimu wa kahawa ukiisha atatuma mshenga kwa baba. Huko nyuma ya karakana sikusema "ngoja" hata mara moja.

Sasa nieleze kuhusu nyuzi za gitaa, maana bila hizo hamtaelewa. Nyuzi hazikupatikana Bukoba kila wakati. Moja ikikatika, Zakaria alichambua waya wa breki ya baiskeli, akatoa uzi mmoja wa chuma, akaufunga. Ukitaka kujaribu, chukua waya uliokwisha kutumika. Mpya ni mkaidi na sauti yake ni mbaya. Ubaya wake ni kwamba unakula vidole. Mara nyingi alipiga gitaa na kitambaa kidoleni, na kitambaa chenyewe kina doa.

Msimu ule tulialikwa Nshamba, nyumbani kwetu. Tulikwenda kwa lori, tukapiga uwanjani karibu na ghala la kahawa, saa tisa alasiri. Baba hakuja. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli, dansi hakulitaka hata kulisikia. Kazi yangu aliivumilia kwa sababu shangazi alimweleza kila mara kuwa mimi hasa ni mshona vifungo. Lakini baba yangu mkubwa alikuja, Ta Kaijage, kaka yake baba, ambaye hakubatizwa na hakujali nani anamsema. Alikaa mbele kabisa na wazee wenzake.

Zakaria alishusha kofia, akashika bakora. Alikuwa mzee wa kahawa. Aliimba, "Nina kibanja, nina ng'ombe, ninakosa wa kunipikia." Nikamjibu, "Mpikaji unaye, nimemwona sokoni, mikono yake mizito." Wazee walicheka mpaka wakapigana mabega. Mambo yalikuwa matamu. Ndipo Zakaria akaongeza kitu ambacho hatukukipanga. Akatia mkono mfukoni akatoa akamwani, ile buni yetu iliyochemshwa na kukaushwa na ganda lake, ambayo kila nyumba humpa mgeni atafune. Mzee wa kweli hatembei bila akamwani, kwa hiyo ilifaa sana kwa mtu aliyekuwa akimwiga. Akalibana tunda moja kati ya vidole, likapasuka. Ndani ya kahawa mna mbegu mbili, mnajua. Moja akatia kinywani mwake. Ya pili akaninyooshea.

Kulikuwa na jibu la kuimba pale. Ningeimba kwamba meno yangu ni ya ndizi tu, naye angeendelea kunibembeleza. Sikuimba. Nilikuwa nyumbani kwetu, jua linawaka, watu niliokua nao wananitazama, na yule mwanamume alikuwa Zakaria. Nikaichukua kwa midomo kutoka kidoleni mwake, nikaitafuna, nikaimeza. Ilikuwa na chumvi. Kitambaa kilikuwa kimelegea, na uzi wa breki ulikuwa umemla vibaya siku ile.

Vijana walishangilia. Mstari wa mbele ulinyamaza. Ta Kaijage aliinuka, akachukua bakora yake, akaondoka bila kutazama nyuma, na wazee wengine wawili wakamfuata. Tulimalizia wimbo. Tulidhani wamechukia ufidhuli wa binti kula mkononi mwa mwanamume.

Mzee Sefu hakuelewa, hakuwa Mhaya. Mimi nililelewa kwenye nyumba ya kanisa, mambo ya zamani niliyasikia kwa mbali. Lakini Zakaria alijua, na hilo alinikiria baadaye. Alijua kwamba kwa babu zetu, watu wawili wakigawana kahawa moja yenye damu yao, hiyo ni omukago. Wamekuwa ndugu, wa kuzikana na kusaidiana, na ndugu hawaoani. Alijua, ila alifikiri kahawa ile ilikuwa ya mzee wa kwenye wimbo. Mzee wa wimbo alimpa msichana wa wimbo. Nasi tulikuwa tumezoea miaka minne kwamba mambo ya hao wawili hayatuhusu.

Mshenga alikuja kwetu Nshamba msimu ulipoisha, asubuhi njema, mtu mzima mwenye maneno mazuri. Mimi na mama tulikuwa jikoni. Nyumba yetu haikuwa na mtoto wa kiume, tulikuwa wasichana wanne, kwa hiyo ukutani kwa jiko kulikuwa na masikio mengi. Mshenga alisema aliyotumwa. Kisha Ta Kaijage akaweka bakora chini.

"Mbwenu, haya basi, Elia," akamwambia baba, "huyu kijana anaomba nini? Anaomba kumwoa dada yake?"

"Dada yake vipi?"

"Walitafuna kahawa moja. Nilikuwa mbele, niliona kwa macho yangu. Huyu nusu, huyu nusu."

Mshenga akacheka kidogo. "Waitu, wazee wangu, ule ulikuwa wimbo."

"Kahawa haikuwa ya wimbo. Ilimezwa."

Shangazi, aliyekuja kutoka mjini kwa ajili ya siku hiyo, akaingilia. Akasema omukago ni wa wanaume. Ta Kaijage akasema anamjua mwanamke aliyefanya omukago na akazikwa na ndugu zake wa kahawa. Shangazi akasema sawa, lakini bila damu hiyo ni kahawa tu, kila siku tunapeana, basi sote ni ndugu na hakuna atakayeolewa. Hapo Ta Kaijage akafikiri.

"Hilo la damu silijui," akasema. "Sikukiona kidole. Mwiteni binti mwenyewe aseme."

Baba akawageukia wote. "Mimi omukago niliuacha siku ya ubatizo," akasema. "Lakini kaka yangu ni kaka yangu. Sitaoza binti huku yeye amekaa nje ya ua. Foibe aulizwe. Akisema damu haikuwepo, yamekwisha."

Nikaitwa. Nilipiga magoti. Nilijua vizuri nilichoshika mkononi. Nikisema damu ilikuwepo, Zakaria ni kaka yangu kwa maneno ya Ta Kaijage. Sitaolewa naye, na wimbo pia umekwisha, maana kaka na dada hawawezi kubembelezana mbele ya watu. Nikisema haikuwepo, ninapata vyote viwili. Nilikuwa na miaka minne ya kusema hapana kwa uso usiotikisika.

"Hapana, Tata," nikasema. "Damu haikuwepo."

Baba aliniamini, kwa sababu sikuwahi kumdanganya kabla ya hapo. Ta Kaijage akaokota bakora yake akasema basi, waje na lubisi, pombe yetu ya ndizi, tunywe. Mama alirudi jikoni akiimba pambio. Nami nilifurahi. Sitawadanganya ninyi: sikuona haya hata kidogo, nilifurahi mchana kutwa.

Siku ya tatu Zakaria alifika mwenyewe kwa baiskeli kutoka Bukoba, vumbi mpaka kwenye kope. Kijana anayeposa hakutakiwa kukanyaga pale mwenyewe. Alipiga magoti mlangoni. "Kasinge waitu," akamwamkia baba, kisha kabla ya kupewa maji akasema mshenga amemweleza yaliyoulizwa na yaliyojibiwa. Akanyoosha mkono. Kidole kilikuwa kimepona, alama yake ndefu, nyekundu.

"Damu ilikuwepo," akasema. "Foibe hakuiona. Mimi niliiona."

Alinifunika, mnaona. Baba alinitazama, na alijua, hakuhitaji kuuliza. Aliponiambia baadaye aliniambia maneno machache, kwamba uongo wangu umemuuma kuliko dansi zote, na hakuyarudia tena maishani. Lakini saa ile alimgeukia Zakaria.

"Kijana, nimekwisha kusema, mimi Mkristo sifungwi na kahawa. Kaka yangu nitazungumza naye, hata kama itachukua mwaka. Mimi sikukatazi. Sasa sema wewe. Unataka mke au dada?"

Zakaria alikikunja kidole chake. Nilikuwa nimesimama penye mlango wa ndani na ndoo ya maji mkononi.

"Ni dada yangu," akasema.

Nilimfuata kibanjani alipokwenda kuchukua baiskeli yake. Sikunong'ona.

"Mbona umeniumbua? Kwa nini hukuniuliza kwanza?"

"Ningekuuliza ungenishinda," akasema. "Wewe huwa unanishinda."

"Ulikuwa wimbo, Zakaria!"

"Nami nilijiambia hivyo, mpaka mshenga aliponieleza kwamba wameuliza damu. Mkono ulikuwa wangu." Alikuwa akiigusagusa kengele ya baiskeli bila kuipiga. "Babu yangu alivunja omukago. Alioa alikokatazwa. Alizika watoto watano, Foibe. Baba yangu ndiye aliyebaki. Nimekua nikionyeshwa makaburi hayo. Mimi sitaki kuyachimba mengine na wewe."

Nilimwambia watoto hufa kwa homa na si kwa kahawa. Akasema huenda. Nikamwambia yeye ni mwoga. Akasema ndiyo. Hakuna jibu nililolitoa siku ile lililomfanya arudi, nami nilikuwa hodari wa majibu. Nilimchukia kwa muda mrefu, na kumchukia kwenyewe kulinichosha kwa sababu hakuacha kuja.

Maana alikuja. Kwa kuwa alisema ni dada yake, akawa kaka. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume ikampata. Paa la jiko la mama lilipovuja alipanda yeye. Msimu wa kuchuma kahawa alikuja na vikapu vyake. Ta Kaijage alipofariki, Zakaria alichimba kaburi pamoja na watu wa ukoo. Baba akaanza kumwita mwanangu bila kutambua ameanza lini.

Huko mjini Mzee Sefu alishika kichwa. "Ninyi Wahaya mtaniua na kahawa yenu," akasema. Lakini Jumamosi iliyofuata alijifunga kanga yake juu ya suruali, akabana pua, akamkataa Zakaria, ndevu sasa zikiwa nyeupe. Nilikwenda kumtazama. Nawaambia kama mtu wa kazi: alikuwa amechoka, pumzi yake fupi, majibu yake mawili yalichelewa. Watu walicheka vile vile. Mimi nilirudi kwenye vifungo, nikafundisha wasichana wawili kujibu, mmoja wao akawa mzuri kuliko mimi, naye ndiye aliyempumzisha mzee.

Baadaye akaja mwalimu Danieli, mtu mpole wa shule ya karibu na kwetu. Niliishi naye miaka mingi na sijuti. Alinichumbia kwa utaratibu wote, na ilipofika siku ya kuja kunichukua, baba alitakiwa kutoa mtu wa kuwajibu wageni. Kwetu wageni hawakabidhiwi binti hivi hivi. Lazima wazungushwe kwa maneno, wakataliwe, wachekeshwe, mpaka waonyeshe kwamba wanataka kweli. Kazi hiyo ni ya kaka. Baba alimpa Zakaria.

Nilikuwa chumba cha ndani, nimefunikwa, mama kanishika bega. Niliyasikia yote.

"Tumekuja kumchukua binti," akasema msemaji wao.

"Binti yupi? Hapa wapo wanne."

"Yule aliyerudi kutoka mjini."

"Yule hajui kupalilia."

"Mwalimu atapalilia mwenyewe."

"Yule anakula sana. Mwalimu atakula chaki?"

Nyumba ilitikisika kwa vicheko. Alikuwa mzuri, alikuwa na kasi, kila jibu fupi kuliko swali. Msemaji wao akajibu vizuri, watu wakapiga makofi, na kwa desturi hapo ndipo kaka anapojifanya ameshindwa na kusema mchukueni.

"Hapana," akasema Zakaria.

Wakacheka tena. Msemaji akaongeza maneno, akasifu ukoo wetu, akataja mbuzi, akataja adabu ya mwalimu.

"Hapana."

Safari hii walicheka wachache. "Mbona hapana, kaka?" msemaji akauliza. "Sababu ni nini?"

"Hapana tu."

Mtu mmoja alikohoa. Niliwasikia wageni wakisogeza miguu juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Msemaji alianza sentensi akaiacha. Mkono wa mama uliniganda begani. Kisha nikasikia kigoda cha baba kikivutwa, na sauti yake, ya chini, si ya kusikiwa na wageni.

"Zakaria, mwanangu. Inatosha."

Nilimsikia Zakaria akiinuka.

"Haya," akasema. "Mchukueni."

Mama akaniinua, nikatoka.